Wastani haujui lami

Goma hatukosi mawe. Volkano ya Nyiragongo imetumwagia lava mwaka 1977, 2002 na 2021. Mawe hayo tunayajengea, tunayaponda kokoto. Ndiyo maana huniuma nikisikia mwanafunzi wa uhandisi akisema kwamba ukijua asilimia ya kokoto na ya bitumeni, ile gundi nyeusi inayozishika, umeshaijua lami. Hujaijua.

Gari likipita mbio, bitumeni hunyumbuka na kurudi. Lori likisimama juani mchana kutwa likingoja kuvuka mpaka, bitumeni ileile inatiririka polepole na kuacha bonde. Mwaka 1867 mwanafizikia James Clerk Maxwell aliitia tabia hiyo kwenye hesabu: kivute kitu, kishikilie palepale, na mkazo wake, yaani nguvu ya ndani inayopinga kuvutwa, utapungua kufuatana na muda wa kulegea, yaani mnato (ukinzani wa kutiririka) ukigawanywa kwa ugumu.

Sasa chukua vitu viwili vyenye ugumu sawa, nusu kwa nusu. Kimoja muda wake ni sekunde 1, kingine sekunde 1000. Mpenda wastani atapata sekunde 500 na nukta, na atakuapia kwamba baada ya sekunde 10 umebaki mkazo wa asilimia 98. Vipange sambamba, vyote vikivutwa kiasi kimoja: inabaki kama asilimia 50. Vipange kwa kufuatana, nguvu ileile ikipita kimoja hadi kingine: haifiki hata asilimia 1, kwa kuwa kile chepesi kulegea kinatiririka na kumpunguzia mwenzake mzigo wote. Vitu ni vilevile, kiasi kilekile! Tena ule mpangilio wa sambamba hauandikiki kwa muda mmoja wa kulegea, hata ujaribu vipi.

Lami halisi iko katikati ya mipangilio hiyo miwili. Kwa vitu vya kunyumbuka tu, kanuni za wataalamu Voigt (1889) na Reuss (1929) ndizo kikomo cha juu na cha chini cha ugumu wa mchanganyiko, na mwaka 1963 wenzao Hashin na Shtrikman wakavibana vikomo hivyo zaidi.

Kwa hiyo naomba walimu wetu waanze na mpangilio, asilimia zifuate. Kata kipande cha barabara, wanafunzi waone kokoto zinagusana wapi na wapi zinaelea ndani ya bitumeni. Kisha wakipime kwa saa nyingi chini ya mzigo uliotulia, kwa joto la mchana, kwa sababu pale mpakani malori hayapiti mbio.