Valencia ilijikinga, majirani wakasombwa

Mvua kubwa ikinyesha Dar, makundi yetu ya WhatsApp hujaa picha za mafuriko ya Jangwani, na hakosekani mtu wa kuniandikia: "Wewe ushapona, wazungu wamejipanga." Naishi Valencia, Hispania. Wamejipanga, ndiyo. Ila tuulizane wamejipanga kwa ajili ya nani.

Oktoba 1957 mto Turia, uliokuwa ukipita katikati ya jiji hili, ulifurika ukaua watu wasiopungua 81. Serikali ya dikteta Franco ikaamua kuuhamisha mto wenyewe. Wakachimba mfereji mpana upande wa kusini, wenye uwezo wa kupitisha mita za ujazo 5,000 za maji kwa sekunde, na bonde la zamani likabaki kavu. Wakubwa walitaka kupitisha barabara kuu humo bondeni, wananchi wakakataa, wakadai pawe kijani. Leo ni bustani ndefu, karibu kilomita tisa. Ukipita Jumapili asubuhi, watu wanakimbia, watoto wanapiga mpira chini ya madaraja ya mawe ambayo hayana tena mto wa kuvuka.

Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2024. Saa 1:36 asubuhi mamlaka ya hali ya hewa, AEMET, ilitoa tahadhari nyekundu. Huko Turís, mji wa bara kidogo, zilipimwa zaidi ya milimita 770 kwa saa 24, wakati jiji la Valencia hupata chini ya 500 kwa mwaka mzima. Maji yakashuka kwa korongo la Poyo hadi Paiporta, Catarroja, Alfafar na vitongoji vingine vya kusini. Na Paiporta kwenyewe mvua ilikuwa haba! Mtu wa Kigogo, Dar, haambiwi mara mbili hapo: mvua inanyesha juu huko Pugu, kwako mawingu tu, mto Msimbazi unakuja na magodoro ya watu.

Ujumbe wa hatari uliingia kwenye simu zetu saa 2:11 usiku. Wakati huo korongo lilikuwa limeshavunja kingo na watu wengi walikuwa wameshakufa, baadhi yao kwenye gereji za chini ya ardhi walikoshuka kuokoa magari. Jimboni walikufa zaidi ya watu 220. Katikati ya jiji, nyuma ya mfereji, mitaa ilikuwa mikavu.

Sisemi mfereji wa Turia ndio uliowamwagia maji majirani. Korongo la Poyo lina njia yake kuelekea ziwa la Albufera tangu zamani. Ninachosema ni kwamba pesa na akili viliishia jijini. Kusini walijenga maghorofa, maduka makubwa na maegesho kwenye tambarare ambayo kila mzee alijua ni ya maji, na kazi za kulidhibiti Poyo zikabaki kwenye makaratasi miaka nenda rudi. Sisi hayo tunayaita mabondeni. Hapa yana lami, taa na namba za nyumba, kwa hiyo hayaitwi hivyo.

Na hali ya hewa haisubiri makaratasi. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kuwa mvua ya namna hii sasa ni nzito zaidi kwa asilimia 12 kuliko enzi za kabla ya viwanda, na uwezekano wake ni kama mara mbili.

Wanachotushinda kweli ni baada ya maji kupungua. Hispania kuna mfuko wa umma, Consorcio de Compensación de Seguros: kila bima ya nyumba au gari inakatwa kiasi kidogo, na yakitokea majanga kama haya mfuko ndio unaolipa. Asiye na bima hapati kitu humo, na wahamiaji wengi waliopanga vyumba vya chini hawakuwa nayo, ingawa serikali iliwatolea wageni walioathirika vibali maalumu vya ukaazi mwaka 2025. Jambo jingine ni viongozi kuwajibishwa: Mfalme Felipe alirushiwa matope Paiporta, na mwaka mmoja baadaye rais wa jimbo, Carlos Mazón, akatangaza kujiuzulu. Hapo nakiri niliona wivu.

Sasa nyumbani kuna Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: daraja refu la Jangwani, mto kupanuliwa, bustani ya jiji pale walipokuwa wakiishi watu. Nauunga mkono. Kuishi Jangwani kila masika ukipandisha kitanda juu ya matofali si maisha, na nimechoka na mashairi ya watu wa ughaibuni kuhusu uvumilivu wetu. Lakini nimeiona bustani ya namna hiyo, na nimeona nani alibaki nje ya ukingo wake. Waliohamishwa baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipelekwa Mabwepande, mbali na Kariakoo wanakotafuta riziki, na wapo waliorudi mjini. Waliolipwa fidia safari hii wanakwenda kununua viwanja wapi? Kama ni bonde jingine, ambalo bado halina picha WhatsApp, tutakuwa tumehamisha misiba.

Kingine hakihitaji mkopo mkubwa. Mamlaka yetu ya hali ya hewa, TMA, hutahadharisha mkoa kwa mkoa: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, visiwa vya Unguja na Pemba. Mama wa Kigogo anahitaji kuambiwa kwamba maji yameshapita Pugu, yamefika kina gani, na ana muda gani wa kuwatoa watoto. Valencia walikuwa na vipimo kwenye korongo vikionyesha maji yanapanda kwa kasi jioni ile, lakini mwenye kitufe cha kutuma ujumbe hakukibonyeza hadi usiku. Kwetu, vipimo vikiwekwa, nataka kujua mapema kitufe kitakuwa mkononi mwa nani.