Oda hewa haziponi kwa programu

Wauza programu wanatuambia kwamba kiwanda cha vifaa vya elektroniki kikiunganishwa kimtandao na watengenezaji wa chipu, wasafirishaji na wateja wake, habari ya kukwama itakwisha. Mimi bado nina shaka, na shaka yangu inatokana na Cisco, watengenezaji wa vifaa vya kuunganishia mitandao ya kompyuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni hiyo ya Marekani ndiyo iliyokuwa mfano. Vifaa vyake vingi vilitengenezwa na viwanda vya watu wengine, wote wakiwasiliana kimtandao, na ilijisifu kwamba inaweza kufunga hesabu za kampuni nzima ndani ya siku moja. Mwaka 2001 ikalazimika kufuta vitabuni mali ya stoo yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2. Na mtandao haukuwa umekatika.

Soko lilianguka, sawa, lakini angalia jinsi stoo ilivyojaa. Kabla ya hapo, vipande vilikuwa adimu. Mteja mwenye shida ya vifaa 100, akijua atapunjwa, anaagiza 200. Mwenzake anaweka oda ileile kwa wauzaji watatu. Atakayewahi ndiye, wengine anawafutia. Viwanda vinavyogombea kazi moja ya Cisco navyo kila kimoja kinaagiza chipu za kazi hiyohiyo. Huku juu, mtengenezaji wa chipu anaona wanunuzi watatu kumbe ni mmoja. Tumezoea wafanyakazi hewa. Hizi zilikuwa oda hewa, na mfumo ulizifikisha haraka kuliko faksi.

Mwaka uliotangulia, Machi 2000, radi ilisababisha moto katika kiwanda cha chipu cha Philips kule Albuquerque, Marekani. Ulizimwa kwa dakika chache tu, ila moshi na maji viliharibu vyumba visivyotakiwa hata chembe ya vumbi. Nokia na Ericsson, watengenezaji wa simu na wateja wakubwa wa pale, wote walijulishwa. Kwa Nokia habari ikapanda kwa mabosi, wakaibana Philips na kusaka chipu kwingine. Kwa Ericsson ikakaa kwa watu wa chini mpaka chipu zilipokuwa zimeshachukuliwa. Habari ilikuwa ileile; tofauti ni watu walivyoitumia.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mkataba, programu baadaye. Oda ikishafika tarehe fulani isifutike bure. Anayesema mapema kwamba atachelewa asipigwe faini sawa na aliyenyamaza. Na mkubwa, yaani mnunuzi, naye aonyeshe stoo yake, maana mifumo mingi ni dirisha la upande mmoja: yeye anamchungulia mdogo anayemuuzia vipande, mdogo anaona oda tu. Ndipo mdogo anapojifunza kujaza tarehe za kufurahisha. Kwenye skrini kijani kitupu, ghalani hamna kitu.

Jambo hili limeshatufikia. Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River, Kenya, mwaka 2023 kinategemea vipande vinavyotoka nje. Kiwanda cha namna hiyo kikitaka kununua mfumo, kabla ya kuulizia bei ya leseni kimuulize anayekiuzia vipande: ukiona utachelewa, utatuambia lini, na ukituambia unaogopa tutakufanya nini?