Mbuzi Hayumo

Kabla hamjaendelea kutumiana ule ujumbe wa sauti wa dakika nne, wa jinsi nilivyotumbukia shimoni, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, sikulia. Nilipiga yowe moja la kiume, na jingine dogo la kusindikizia. Pili, sikutumbukia nikimkimbiza mbuzi. Mbuzi nilimkimbiza baadaye. Huyu rafiki yangu mwimba besi wa kwaya, aliyeurekodi, kavuruga mpangilio makusudi. Isitoshe, habari za shimo anazijua aliyekuwa ndani.

Mnaonifahamu mnajua: mimi ni Msabato, mwalimu wa Lesoni, kile kitabu chetu cha masomo ya Biblia. Sabato, siku yetu ya kupumzika kazi, huanza Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama. Ijumaa jua likikaribia kuzama, kwangu viatu vimeshang'arishwa, nguo zimepigwa pasi, watoto wameoga na maharage yameiva. Hapo sina kosa, maandalio tumefundishwa wote. Shida ni kwamba mimi niliongeza ya kwangu. Nina daftari. Humo nimeandika saa ya jua kuzama kila wiki, na chini yake nyongeza zangu: chaja isichomekwe, kitunguu kisikatwe, maji yasitekwe zaidi ya ndoo moja.

Kisha nikasoma Matendo 1:12, nikakutana na mwendo wa Sabato, yaani umbali ambao mtu aliruhusiwa kutembea siku hiyo. Nikafuatilia, nikakuta Wayahudi wa kale waliuhesabu kuwa dhiraa 2,000, karibu kilometa moja. Kanisa letu halifundishi kuhesabu dhiraa. Mchungaji ameniambia hivyo mara mbili, mara ya pili akiwa amenishika bega. Lakini nilikuwa nimeshapima. Kwa barabara kubwa, kwangu mpaka kanisani ni mita 1,400. Kwa kukatiza kwenye mapagala, mita 940. Tangu siku hiyo nikawa napita mapagalani na suti yangu, nachomwa na mbigili kwa utiifu.

Sebuleni tumetundika Yohana 14:15: Mkinipenda, mtazishika amri zangu. Mke wangu husema mstari ule mimi huanza kuusoma baada ya mkato.

Basi, Sabato yenyewe, saa moja asubuhi, nikasikia hodi. Bibi jirani. Ni Mwislamu, mjane, ana mbuzi mmoja anayemsemesha kama mjukuu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbuzi wangu katumbukia lile shimo la choo pale pagalani. Njoo unishikie kamba, mara moja tu."

Hebu nioneni nilivyo: suti ya kijivu, tai, Lesoni kwapani. Na somo nililoliandaa wiki nzima lilikuwa, msicheke kwanza, Yesu na Sabato. Yaani hilo hilo. Nikaendesha kesi haraka kichwani: ni wanyama gani Yesu aliwataja kwamba watu huwaopoa siku ya Sabato? Luka 14 kuna ng'ombe na punda. Mathayo 12 kuna kondoo. Nikamtafuta mbuzi. Mbuzi hayumo.

"Bibi, leo ni Sabato yetu," nikasema kwa ile sauti ya upole ninayoitumia kwenye mazishi. "Jua likizama nitakuja."

Hakujibu. Alinitazama kidogo, akaikaza khanga yake kiunoni, akaondoka. Baadaye nikaambiwa aliwalipa vijana wa kijiwe cha bodaboda shilingi 5,000 wakamtoa mbuzi. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango, kasikia yote. Hakunisemesha, na kwenda kanisani akapita barabara kubwa na watoto.

Darasani siku hiyo niliwaka. Nikawaeleza kwamba kitabu cha walimu wa Kiyahudi, Mishna, kinaorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa siku ya Sabato. Ya 21 ni kufunga fundo na ya 22 ni kulifungua. Nikaingia Qumran, kwenye magombo ya kundi la kale la Wayahudi, yaliyoanza kupatikana 1947 karibu na Bahari ya Chumvi. Nikawaambia hao jamaa waliwapita hata Mafarisayo kwa ukali: mnyama akitumbukia shimoni siku ya Sabato, aachwe, mtu akitumbukia majini, asitolewe kwa ngazi wala kwa kamba. Andiko lao jingine limelegeza kidogo, linasema atupiwe vazi avutwe nalo. Darasa likavunjika mbavu. Nikapandisha sauti, nikafunga kwa kusema, "Ndugu zangu, tusiwe watu wa Qumran!"

Mke wangu alikuwa safu ya pili. Alinitazama kama anavyotazama maziwa jikoni yanapoanza kupanda.

Ibada ikaisha, nikashika njia yangu ya mita 940. Mwimba besi akaniambia twende wote. Nilidhani ni upendo. Kumbe mke wangu alikuwa keshamsimulia habari za mbuzi, na jamaa alitaka kuniuliza maswali.

Sasa hapa naenda polepole, maana ndipo alipowadanganya. Lile shimo lilikuwa limefunikwa kwa mbao. Ubao mmoja ulioza, mbuzi akapitia hapo. Wale vijana walipomtoa waling'oa mbao zote, wakaondoka nazo (sijui kwa mamlaka ya nani), wakaacha turubai tu limetandazwa, na upepo ukalifukia mchanga. Mimi nilikuwa nahesabu hatua. Huwa nahesabu. Nilikuwa nimefika 611. Nikasema 612. Hatua ya 613 haikukuta chini. Wanaojua idadi ya amri za Torati wacheke kimya kimya.

Turubai lilitoa sauti ya mtu anayevuta makamasi. Mguu wa kulia ukaingia, ukaingia tena, ukaendelea kuingia. Wa kushoto ukabaki juu kama unasema kila mtu na safari yake, na hapo ndipo suruali ilipoamua kugawana nasi: chaaa, kutoka kiunoni hadi goti. Nikaiona tai yangu ikipanda mbele ya macho kama bendera. Nikaiona Lesoni ikiniacha mkononi na kubaki angani, imefunguka, kurasa zinapepea. Nilikuwa na muda wa kuwaza, nawaambia kweli, na nilichowaza si Mungu wala watoto. Niliwaza, "Zimebaki mita mia nne na kitu." Kisha nikafika. Mchanga laini, futi tisa chini, na juu ya mchanga mbuzi alikuwa ameacha kumbukumbu zake. Nilizikalia.

Kimya. Halafu Lesoni ikanishukia utosini.

Juu kule kikatokea kichwa.

"Mwalimu, uko hai?"

"Niko hai."

"Umevunjika?"

"Sidhani. Nitoe."

Akakaa kimya, kisha kwa ile sauti yake ya besi inayotikisa madirisha akauliza, "Mwalimu, wewe ni ng'ombe au punda? Nataka nijue kama umo."

Sikujibu. Mngejibu nini?

"Au ni kondoo?"

"Ndugu yangu, tafuta kamba."

"Kamba ina fundo. Fundo ni kazi ya ngapi vile, ya 21?" Alikuwa anahesabu kwa vidole, Mungu anamwona. "Ngazi imekatazwa, kamba imekatazwa. Ila vazi ruksa."

Akavua koti lake, akalala kifudifudi pembeni ya shimo, akanishushia. Nilishika mkono wa koti kwa mikono miwili. Akavuta. Nikapanda futi moja, miguu ikitafuta ukuta na ukuta ukimomonyoka. Nikapanda ya pili. Nikaanza kuona majani. Halafu bega la koti likaachia, uzi mmoja mmoja, tena nilikuwa nausikia kila uzi. Nikarudi nilikotoka nikiwa na mkono mzima wa koti, na kifungo chake. Lile yowe dogo ndilo la hapo.

Tukiwa bado tunalaumiana, ikaja sauti ya tatu: "Nyie mnafanya nini?"

Bibi. Na pembeni yake, kafungwa kamba shingoni, mbuzi. Wote wawili wakanichungulia. Sasa mtu mlezi wake alimlea vizuri hata akiwa shimoni hujisahau, mdomo ukatangulia:

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umeingia kufanya nini humo?"

Nilitafuta jibu lenye heshima sikulipata. Wala hakulingoja. Hakutaja asubuhi, hakutaja jua. Alikuwa ameshainama, anafungua kamba shingoni mwa mbuzi, akamkabidhi mwimba besi ncha moja na nyingine akanitupia. "Jifunge kwapani, mwanangu, na ukaze fundo, usije ukaanguka tena." Nikalikaza. Ya 21 hiyo. Wakavuta wawili, bibi wa miaka zaidi ya sabini kapiga magoti mchangani anavuta na kusema bismillahi, mpaka nikatoka kwa tumbo kama kambale.

Yaliyofuata ni mafupi. Mbuzi alikuwa ameachiwa. Mbuzi akaona yuko huru, akaondoka. Bibi akasema "Mbuzi wangu!" na mimi nikajikuta nakimbia. Dhiraa 2,000 zilikwisha kwenye kona ya pili. Tulitokea barabara kubwa, mbuzi mbele, mimi nyuma na suruali mguu mmoja, mwimba besi na koti lenye mkono mmoja, vijana wa kijiwe wakishangilia kama mpira, na kutoka kanisani wakawa wanakuja mzee wa kanisa, akina mama wa kundi la Dorkasi na vijana wa chama cha Watafuta Njia kwa mistari yao. Mke wangu alikuwa nao. Mbuzi alimkamata yeye, kwa kumwita tu. Watafuta Njia wakapiga makofi. Ndiyo picha mliyoiona, ile niliyoziba nyuma kwa Lesoni.

Nilioga. Nilipakwa dawa kwenye goti. Mke wangu alibana mdomo asicheke, akawa anatoka nje kila baada ya dakika tano. Daftari alilitoa mwenyewe kabatini, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda zake jikoni.

Nikakaa nalo. Kama saa kumi na moja nikainuka, nikachukua shilingi 5,000 walizotozwa wale vijana, nikaenda kwa Bibi. Alikuwa barazani anachagua mchele, mbuzi kafungwa kwenye mwembe ananitazama kama mtu tunayedaiana. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikamnyooshea noti kwa mikono miwili.

"Bibi, hii ni ya wale vijana. Ilikuwa niwe mimi."

Aliiangalia ile noti. Akaangalia jua, lilikuwa bado juu ya minazi. Akarudi kwenye mchele wake.

"Leo si Sabato yenu, mwanangu? Jua likizama utaniletea."