Yai la Breda na yai la Mpunguzi

Kila nikipiga simu nyumbani Mpunguzi, Dodoma, lazima atokee mmoja aniambie, "Nyie wa huko mnakula vitu safi bwana." Nimechoka kubishana kwa simu, vocha zinaisha. Leo naandika.

Naishi Breda, kusini mwa Uholanzi, huu mwaka wa tisa. Jirani yangu, mzee mstaafu, ana kuku sita nyuma ya nyumba. Zamani kila Jumamosi alikuwa ananigongea mlango na mayai manne kwenye kipande cha trei. Kiini chake cha njano iliyokolea, ukilikaanga unakumbuka nyumbani. Aprili 2025 mambo yakaisha. RIVM, taasisi ya taifa ya afya ya jamii ya hapa, ilitangaza nchi nzima: msile mayai ya kuku mnaofuga wenyewe. Ya dukani ruksa. Yaani mtoto wa Kigogo nimekuja Ulaya kuambiwa yai la kisasa ndilo salama, la kienyeji niliache!

Kisa ni PFAS, ukoo wa maelfu ya kemikali zilizotengenezwa kuzuia maji na mafuta yasishike. Ziliwekwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, makoti ya mvua, povu la zimamoto. Sifa yake ni kutooza, na balaa lake ni hilohilo. Zimetua ardhini, kuku anachakura, anadonoa udongo na minyoo, zinatokea kwenye yai. Mwilini zinachezea homoni za tezi ya shingoni, na kwa watoto zinafanya chanjo isishike vizuri. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema mwaka 2020 kwamba kwa PFAS nne kuu zikijumlishwa, mtu asizidishe nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Gramu moja ina nanogramu bilioni moja, hebu piga hesabu.

Na kuzitoa? Maji unayapitisha kwenye mkaa maalumu (si huu wa kuchomea mishikaki), halafu mkaa wenyewe unakuwa taka ya hatari. Udongo unachimbwa na kupelekwa kwingine. Hapo jirani Ubelgiji, kwenye mji wa Zwijndrecht, kampuni yenye kiwanda ilikubali mwaka 2022 kutoa euro milioni 571 kwa ajili ya uchafu huo. Pamoja na fedha zote hizo, hakuna aliyewaahidi watu kwamba ardhi itarudi kama alivyoiacha babu yao.

Najua mtanicheka. Chekeni, ila na mimi nina langu.

Agosti nilikuwa likizo kwa shangazi. Nyuma ya jiko kuna shimo la taka, na jioni likawashwa. Nilisimama nikahesabu vilivyokuwa vinaungua: kandambili, pampasi, chupa za soda, kipande cha bomba la plastiki, pakiti za jojo sijui ngapi. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 2019, tukajipongeza, na tulistahili, lakini plastiki nyingine yote ipo palepale. Asubuhi majivu yakiwa bado vuguvugu, tetea na vifaranga wake wakaingia shimoni kuoga vumbi na kudonoa.

Plastiki yenye klorini, kama ile ya mabomba, ukiichoma kwa moto hafifu wa shimoni inazaa dioksini. Dioksini nayo inavuruga homoni na inasababisha saratani, na inapenda mafuta. Kwenye kuku mafuta yako wapi? Kwenye kiini cha yai. Basi mayai kama ya jirani yangu yalipimwa yakakutwa na kasoro. La shangazi hajawahi kulipima mtu, ndiyo maana tunaliita safi.

Kwenye shamba la zabibu ndiko niliudhika hasa. Binamu yangu alikuwa anachanganya dawa ya ukungu, unga wa njano, anapima kwa kiboksi cha kiberiti na kukoroga kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Niliokota pakiti: mankozebu. Mwisho wa mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali, na moja ya sababu ni kwamba inavuruga homoni. Mkulima wa hapa Breda akikutwa nayo shambani ana kesi. Kwetu inauzwa duka la pembejeo kama chumvi. Na Ulaya hii hii inayojikataza viuatilifu fulani imeendelea kuvitengeneza na kuwauzia wengine. Hapo nawalaumu wenyeji wangu bila haya. Ila glavu za mpira ni bei ya soda chache, hizo hatuwezi kuwasingizia Wazungu kwamba wametunyima. Mwezi uleule watoto walikuwa wanachuma zabibu na kuzifutia kwenye shati.

Kwa hiyo msiniulize wapi ni bora. Huku wameshamwaga, sasa wanalipa mabilioni kuzoa kisichozoleka. Kwetu bado kuna mambo ya kufanya kwa jembe na seng'enge: ukiacha kuchoma plastiki leo, shimo la kesho halina dioksini mpya. Sielewi kwa nini hili halisemwi kwenye mikutano ya kijiji kwa sauti ileile ya kuhimiza vyoo.

Nilimwomba shangazi angalau alizungushie shimo miiba. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, "Baba, kuku wa Kigogo hafungiwi." Wiki mbili baadaye akatuma picha. Miiba imepangwa vizuri, duara kamili, na katikati yake, juu ya majivu, amesimama jogoo.