Gharika ya Mediteranea: modeli inathibitisha nini hasa?

Miaka milioni 5.33 iliyopita Bahari ya Mediteranea, iliyokuwa imetenganishwa na Bahari ya Atlantiki na kubaki na matabaka mazito ya chumvi, ilijaa tena. Mwaka 2009 mwanasayansi Daniel Garcia-Castellanos na wenzake walikokotoa, kwa modeli ya kompyuta, kwamba asilimia 90 ya maji iliingia ndani ya miaka miwili au pungufu. Kilele chake: mita za ujazo milioni 100 kwa sekunde. Mto Amazon hupitisha kama 200,000.

Hesabu haina miujiza. Maji yanavuka kizingiti cha Gibraltar, kati ya Uhispania na Moroko, na kukwangua mwamba. Kizingiti kinashuka, maji mengi zaidi yanapita, mwamba unalika upesi zaidi. Programu hurudia mzunguko huo mpaka viwango vya pande mbili vilingane. Kinachoamua yote ni kigezo cha ulikaji wa mwamba, nacho hukadiriwa kwa mito ya leo, ambayo haikaribii nguvu ile. Kikipunguzwa, maji yanaweza kuchuruzika kwa maelfu ya miaka kabla ya bomoko lenyewe. Tena, mfereji uliofukiwa chini ya Gibraltar, unaotajwa kama ushahidi, ndio huohuo unaotumika kuirekebisha modeli. Hapo wanaopinga gharika ya ghafla wana haki.

Hoja yao nyingine ni visukuku vya viumbe wa maji ya chumvi kidogo, vilivyo juu ya chumvi ile. Wapo wanaovisoma kama dalili ya ziwa lililokwisha kujaa sana kabla Atlantiki haijaingia. Ikiwa ndivyo, maporomoko yalikuwa mafupi na nguvu yake ndogo.

Lakini kusini-mashariki mwa Sicily, kisiwa cha Italia, kuna vituta (migongo ya ardhi) zaidi ya 300, vilivyochongwa vikielekea upande mmoja, na juu yake mabaki ya mawe yaliyong'olewa kandokando. Modeli ya pale inatoa mwendo wa hadi mita 32 kwa sekunde. Nayo ina mitego. Kwa mwendo huo, kwenye kina cha mita 40 na gridi ya vipande vya mita 100, programu ikiruka zaidi ya sekunde 2 hivi kwa kila hatua, hesabu inalipuka na kutoa namba zisizo na maana. Na ardhi imeinuka tangu wakati ule, hivyo sura yake ya kale ni makisio.

Hata hivyo, vituta vile havikutumika kupanga vigezo vya Gibraltar, na hilo kwangu lina uzito. Gharika naikubali, miaka miwili bado naitilia shaka.