Mashine Yangu na Luku ya Watu

Kuna karatasi imebandikwa kwenye mita ya luku, umeme wetu wa kuchangia na kulipia kabla. Herufi kubwa, kalamu nyekundu: MWENYE MASHINE ACHANGIE MARA MBILI. Na chini yake: UONGOZI.

Nauliza, uongozi upi? Nyumba ina wapangaji sita, choo kimoja, na mwenye nyumba ambaye sura yake tunaikumbuka wakati wa kodi tu. Huo uongozi umechaguliwa lini? Maana zamu ya kufagia uwanja naambiwa, zamu ya kubeba taka naambiwa, zamu ya kuwa uongozi sijawahi kuisikia.

Halafu "mwenye mashine." Mtu mzima mimi, watoto wa nyumba nzima wananiamkia, kwenye msiba ndiye ninayetumwa kushika daftari la rambirambi, leo nimekuwa mwenye mashine. Mashine ya kusaga hiyo? Ya kukoboa? Kitu chenyewe kinaenea kwenye mfuko wa rambo. Ni msasa wa umeme, Makita, ule wa duara, sahani yake milimita 125, unaushika kwa kiganja kimoja na kingine ukapungia watu.

Kabla yake nilikuwa nasugua kwa mkono. Karatasi ya msasa umeizungushia kijibao, stuli umeibana katikati ya magoti, unakwenda unarudi mpaka bega linaita mama. Wanaoujua mninga hawana haja ya kuelezwa. Vidole vikaisha alama. Nikaenda kusajili laini, wakala akanibonyeza gumba, akabonyeza cha shahada, akabonyeza cha kati, kimashine chake kinakataa tu. Akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na wasiwasi, akaniuliza, "Mzee, hivi vidole ni vyako?"

Ndiyo nikaamua.

Kariakoo nisiwachoshe, wote mnapajua. Duka la kwanza jina la kwenye boksi lilikuwa na herufi moja ya ziada. Nikamwonyesha kijana. Akasema, "Hiyo bonasi, bosi." La pili walinipa kitu kizito sana wakasema uzito ndio ubora, kwa kipimo hicho ningenunua jiwe. Mwisho nikaingia duka lenye feni na risiti ya EFD, ile ya kodi, nikalipa. Bei siitaji hapa kwa sababu mke wangu anasoma. Yeye nilimtajia bei ya kimfuko cha vumbi.

Lakini jamani, starehe! Nyie acheni. Unaiweka sahani juu ya ubao kwanza, ndipo unawasha. Ukiwashia hewani halafu ukaishusha, inachimba kidonda na ubao wako kwaheri. Ikishawaka, hukandamizi. Uzito wa mkono unatosha, nayo inateleza pole pole, wewe unaiongoza tu. Ile sahani inazunguka na huku inayumba, mara 4,000 hadi 12,000 kwa dakika kulingana na ulivyoiwekea, na kuyumba huko ndiko kunakofanya isiache mikwaruzo ya mviringo kwenye mbao. Ile ya mkanda ni habari nyingine, ile ni shetani, ukizubaa kidogo umechimba mtaro. Hii ya duara ina adabu. Unaanza na karatasi ya msasa namba 80, yenye chenga kubwa, alama za randa zinaondoka. Unapanda 120, unapanda 180. Unapangusa kwa kitambaa kibichi, nyuzi za mbao zinasimama, unaziacha zikauke, unamalizia na 240. Hapo ndipo mninga unapofungua roho: kahawia, dhahabu, na michirizi myekundu ambayo ulikuwa hujui kama imo humo. Nikifika hapo napitisha kiganja juu ya ubao na simu ikiita siipokei. Hata akiwa mkwe.

Vumbi nalo linapita kwenye matundu manane ya sahani na kuingia kwenye kimfuko nyuma, mradi matundu ya karatasi uliyobandika yakae sawasawa na ya sahani. Usipoyapatanisha, vumbi lote ni lako na la nguo za jirani zilizoanikwa. Nikiwa na mvule navaa barakoa, zile zilizobaki za enzi za korona, kwa sababu vumbi la mvule likikuingia puani utapiga chafya mpaka alfajiri. Kuna fundi mmoja Keko aliniambia mashine ni za wavivu, fundi wa kweli ni mkono. Huyo huyo kila Jumamosi anakuja kuiazima.

Sasa turudi kwenye uongozi. Kumbe karatasi ilikuwa utangulizi tu. Jioni, kikao.

Nilivaa shati la mikono mirefu, nikabeba kalkuleta. Mwenyekiti ni yule mzee wa chumba cha kona, mpangaji wa zamani kuliko bati la nyumba, ndiye anayetunza kaunta buku la michango ya luku. Mwendesha mashtaka ni bwana wa chumba cha mbele. Akasimama, akakohoa.

"Kabla ya hii mashine, luku ya elfu kumi ilikuwa inatupeleka wiki. Sasa hivi siku nne hatufiki."

Nikasema kwa upole, "Ndugu yangu, kabla ya hii mashine, mama hapa alikuwa hana friza la barafu."

"Friza halina kelele," akanijibu.

Na watu wakaitikia kwa vichwa! Wazima, wenye akili zao, wanaopanda daladala na kurudishiwa chenji wakaihesabu. Kwamba umeme unaliwa kwa kelele. Kwa hiyo jogoo wa mjumbe angekuwa amekwisha fungiwa mita yake.

Nikatoa kalkuleta. Nikawaambia, mashine hii ni wati 300. Niiendeshe saa nzima bila kupumzika, na bega langu hilo haliwezi, ni uniti sifuri nukta tatu. Pasi ni wati elfu na zaidi. Na hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo, ambayo sitaki kumtaja mwenye nayo lakini anakaa chumba cha mbele, ni wati 2000. Nusu saa tu, uniti nzima imekwenda.

"Hizo hesabu za makaratasi," akasema mwenye nayo.

Kijana wa sabufa akanyoosha mkono. "Mimi nachojua mzee, ukiwasha hiyo kitu, taa yangu inafifia."

"Taa yako inafifia kwa sababu waya umeunga kwa plasta ya kidonda."

"Tusivunjiane heshima," akasema mwenyekiti.

Basi nikaomba ushahidi wa macho. Kwenye mita yetu pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake ile taa ndogo nyekundu ikikonyeza mara 1000, uniti moja imeondoka. Nikasema tuzime vitu vyote nyumba nzima, tuwashe kimoja kimoja, tuitazame taa. Mita haina ndugu humu ndani.

Mama wa barafu akakataa. "Za ukwaju ziko nusu zimeshika nusu maji. Zikiharibika mnalipa nyie?" Hapo tukajadili barafu za ukwaju. Halafu za embe, kwamba ndogo siku hizi na sukari imepungua. Mtu mmoja akauliza kama kikao ni cha barafu au cha luku, akaambiwa na yeye anadaiwa barafu za wiki jana. Mwisho tukakubaliana friza lizimwe dakika tano, mwenyekiti ashike saa, na mlango wa friza asiufungue mtu.

Tukazima. Watoto wakajaa kwenye korido, wakubwa wamechuchumaa mbele ya mita. Nikawasha mashine yangu. Vuuuu. Tukaitazama taa.

Kimya.

"Imeungua hiyo taa," akasema bwana wa mbele.

Ikakonyeza. Halafu kimya tena, kirefu, mtu ungeweza kumenya kitunguu. Ikakonyeza. Kijana wa sabufa alikuwa anahesabu kwenye simu, akasema sekunde kumi na kitu. Mwenyekiti akaandika kwenye kaunta buku: *Mashine, pole pole.* Niliona kwa macho yangu.

"Sasa tuwashe hita," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya hakimu.

"Hita yangu mbovu," akasema bwana. "Ilikufa tangu juzi."

Sauti ndogo ikatoka mlangoni kwake: "Baba, si hii hapa kwenye ndoo?"

Mungu anawapenda watoto. Ikachomekwa. Ile taa ikachanganyikiwa: konyeza, konyeza, konyeza, haina muda wa kumeza mate. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, wakafurahi, wengine wakaanza kucheza kwa kuifuata. Kikao kizima kikageuza shingo taratibu kumwangalia bwana wa mbele. Nikakunja mikono kifuani nikingoja haki itendeke.

Tii, tii, tii. Ta!

Giza.

Uniti zimekwisha. Na kwenye giza hilo, kabla mtu hajatafuta tochi, nikaisikia sauti ya bwana wa chumba cha mbele, safi kabisa, ya mtu aliyeokolewa: "Mnaona sasa? Mnaona? Si nilisema hii mashine!"

Na wakaona! Wakaanza kuguna wote. Nikasema iliyokuwa imewaka ni hita, mashine nimeizima, ushahidi uko kwenye kaunta buku, mwenyekiti soma. Mwenyekiti akasema miwani yake haioni gizani. Mama wa barafu akaanza kulia barafu zake moja moja kwa majina, na mama akilia hivyo saa mbili usiku, mwanamume mwenye shati la mikono mirefu unafanyaje? Nikanunua luku. Peke yangu. Namba 20 zile nikamsomea kijana wa sabufa kwa tochi ya simu, akakosea karibu na mwisho, tukaanza upya, akakosea tena, mtoto wa darasa la tatu akamnyang'anya akaingiza.

Umeme uliporudi mwenyekiti akatoa uamuzi. Mashine iendelee, ila kwa kuwa umeme ni wa wote, na mashine iwafae wote. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana sikuelewa.

Nimeelewa asubuhi. Nimefungua mlango, kuna foleni ya vitu. Ubao wa chapati. Mbuzi ya nazi, na meno yake ya chuma yamo hapo hapo, nipitishe wapi sahani yangu? Mguu wa kitanda, mmoja, mwenyewe sijui amelala vipi. Mwiko. Mama wa barafu kaleta kigoda, huyo simlaumu, kigoda kizuri, mkongo ule. Na mlango wa choo wameung'oa kabisa wakauegemeza ukutani kwangu, kwa hiyo tangu asubuhi choo cha nyumba nzima kina khanga.

Mlango una rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, kila mpangaji na rangi yake. Nani amewahi kupiga msasa rangi ya mafuta? Inapata joto, inalainika, inajiganda kwenye karatasi, dakika mbili karatasi imeziba kabisa. Na hizi si zile karatasi za kukata dukani kwa futi. Ni za duara, za kunata nyuma, zenye matundu, zinauzwa kwa pakiti, na duka ninalolijua ni hilo hilo lenye feni. Nikimtumia mtu bei yake kwenye simu anadhani nimekosea sifuri. Nikasema angalau tuchangie karatasi. Mwenyekiti akaniuliza, "Si una mashine?"

Lakini hayo yote nayameza. Kinachonikaba ni kimoja. Hivi huyu bwana anachemsha maji ya nini? Tuko Dar es Salaam. Tuko mwezi wa pili. Mchana nyuzi 32, usiku shuka tunaloweka maji, bomba lenyewe ukilifungua saa nane mchana unaruka. Kuku wanatembea wameachama. Mtu mzima anatoka kazini anavuja jasho, anachomeka hita, anakaa kwenye stuli, tena stuli niliyomtengenezea mimi, anasubiri maji yachemke aoge! Nilimuuliza. Akasema maji ya baridi yanamletea kichomi. Mtu wa Njombe huyo! Kule asubuhi watu wanaongea moshi unatoka mdomoni, na mwenyewe alishatusimulia kwa majivuno kwamba utotoni alikuwa anaoga mtoni kabla ya shule. Mtoni Njombe hakuna kichomi, kichomi kiko Tabata.

Na jana pale kwenye tochi nimeiona vizuri ile ndoo ya maji yake. Ya bluu, mpini umefungwa kamba ya katani. Ndoo yangu ile.