Mvuke Hausafiri Mbali: Ombi kwa Wanaogawa Viwanja vya Viwanda

Nina ombi kwa wanaopanga kongani za viwanda hapa Tanzania, hasa wakati huu ambapo Kwala, mkoani Pwani, inazungumzwa kila mahali tangu bandari kavu ilipozinduliwa mwaka 2025. Kabla hamjamkabidhi mwekezaji kiwanja, mwulizeni atakuwa akitupa nini, kiasi gani, na kikiwa na joto la nyuzi ngapi. Mtaji, idadi ya ajira na tarehe ya kuanza ujenzi ni mambo ya lazima kujua, sibishi. Ila hayo hayatamsaidia yeyote kuamua nani akae ukuta kwa ukuta na nani, na katika kongani inayotaka viwanda vyake vigawane nishati na mabaki, uamuzi huo ndio mzito kuliko yote.

Sababu yake ni ya kifizikia kabisa. Molasi inapakiwa kwenye lori la tangi na kufika mkoa wa pili. Majivu na jipsamu vinabebeka pia, mradi bei ya usafiri isizidi bei ya mzigo. Mvuke hauna uvumilivu huo. Kila mita ya bomba inaupunguzia joto na msukumo, na kila mita ni gharama ya chuma na ya kulifunika bomba lisipoteze joto. Ukivuka kilomita chache, hesabu inaanza kukataa. Kwa hiyo kiwanda chenye joto la ziada kikijengwa upande mmoja wa kongani, na chenye kulihitaji kikapewa kiwanja upande wa pili kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi siku ile, fursa hiyo imekufa hata kabla msingi haujachimbwa. Hakuna semina ya uchumi rejeshi, ule wa kutumia mabaki tena, itakayoifufua.

Mfano ambao ulimwengu mzima unautaja ni Kalundborg, mji mdogo wa bandari nchini Denmark wenye wakazi wapatao 16,000. Unatajwa sana, lakini ni wachache wanaosimulia namna ulivyofika hapo, na namna hiyo ndiyo inayotuhusu. Mwaka 1961 walianza na maji. Maji ya ardhini yalikuwa machache, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilihitaji mengi, hivyo bomba likajengwa kuyaleta kutoka Ziwa Tissø. Mwaka 1972 Gyproc, watengenezaji wa bodi za jipsamu, wakaanza kukaushia bodi zao kwa gesi ambayo kiwanda cha mafuta kilikuwa kikiichoma angani. Miaka michache baadaye tope la kiwanda cha Novo, linalobaki baada ya kuchachusha dawa na vimeng'enya, likaanza kwenda mashambani kama mbolea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kituo cha umeme cha Asnæs kikaanza kupasha joto nyumba za mji na kuuza mvuke kwa Novo na kwa kiwanda cha mafuta. Mwaka 1993 kituo hichohicho kikafunga mtambo wa kuondoa salfa kwenye moshi, na jipsamu iliyozalishwa humo ikauzwa kwa Gyproc.

Miaka zaidi ya thelathini, bomba moja baada ya jingine. Kila bomba lilikuwa mkataba kati ya kampuni mbili zilizopiga hesabu na kuona kwamba zote zitapata. Mji ni mdogo, mameneja walifahamiana, na ilitosha mmoja kumpigia mwenzake simu. Jina la ushirikiano huo, “simbiosisi ya viwanda”, ambalo wataalamu sasa wanaliandikia tasnifu, lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mabomba mengi yalikwisha kufukiwa.

Wapo wanaoisoma historia hii na kusema: basi hakuna haja ya kupanga, tuliachie soko. Wengine wanakwenda kinyume kabisa na kutaka kuchora mtandao mzima mezani, mishale kutoka kiwanda A kwenda B, kisha waanze kutafuta wawekezaji wa kujaza masanduku. Njia hii ya pili ilijaribiwa Marekani miaka ya 1990, serikali ya huko ilipochagua maeneo ya mfano, likiwemo Cape Charles katika jimbo la Virginia. Ubadilishanaji uliotarajiwa kwa sehemu kubwa haukutokea. Kampuni haihami nchi kwa sababu kuna mtu amechora mshale. Inafuata soko, barabara, umeme na kodi.

Mimi nasimama katikati, na nina sababu. Kalundborg walikuwa na bahati ya kukaa karibu. Sisi tunaanza na pori tupu na ramani, kwa hiyo ukaribu huo tunaweza kuuamua. Mpangaji hawezi kulazimisha ndoa kati ya viwanda, lakini anaweza kuhakikisha wanaoweza kufaana hawatenganishwi na kilomita tano na reli katikati.

Jambo jingine ni kwamba hatuwezi kuiga Denmark kama ilivyo. Hapa Pwani hakuna anayehitaji kupashiwa nyumba joto. Kinachohitajika ni mvuke wa kutia nguo rangi, kuchemshia sabuni, kusafishia mafuta ya kula, na hewa ya moto ya kukaushia mazao. Na kuna baridi. Nashangaa kila mara jinsi jambo hili lisivyosemwa: joto linatengeneza baridi. Ipo mitambo ya kupoza, mingine inatumia amonia na maji, inayoendeshwa na joto badala ya kompresa ya umeme. Joto ambalo ni mzigo kwa kiwanda kimoja linaweza kugandisha samaki, kuhifadhi nyama na kupoza maziwa kwa jirani, na katika nchi ambayo maziwa na samaki wengi wanaharibika njiani, hilo lingekuwa la kwanza kwenye orodha yangu.

Tazama Kinyerezi, Dar es Salaam. Kituo cha kwanza, cha megawati 150, kilijengwa kwa mitambo ya gesi ya mzunguko mmoja: gesi inachomwa, umeme unatoka, na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi unaachiwa uende. Kituo cha pili, cha megawati 240, kilijengwa vizuri zaidi, kwa kuwa joto la moshi huo linachemsha maji na kuzungusha mtambo mwingine. Tofauti ya vituo hivyo viwili vya jirani inatosha kuonyesha ni kiasi gani tunakiachia kipae. Kungekuwa na kiwanda cha nguo au cha barafu nyuma ya ukuta wa kile cha kwanza, tangu siku ya kupima viwanja, leo tungekuwa na mfano wetu wenyewe wa kuwaonyesha wageni.

Na si kwamba hatuna mifano kabisa. Viwanda vya sukari, TPC kule Arusha Chini na Kilombero, vinachoma makapi ya miwa na kujizalishia mvuke na umeme. Molasi ya Kilombero inalisha kiwanda cha spiriti kilicho palepale. Huko Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yanayomwagwa na korona, mashine inayochuna majani ya mkonge, yaliingizwa kwenye mtambo wa biogesi mwaka 2008, na hilo lilihitajika, maana singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni sehemu ndogo sana ya jani na yote mengine yalikuwa yakimwagwa. Kenya wana Olkaria, eneo la visima vya mvuke wa ardhini: shamba la maua la Oserian, pembeni ya Ziwa Naivasha, lilikuwa likipasha joto vitalu vya waridi usiku kwa mvuke wa ardhini ili kupunguza unyevu unaoleta ukungu, na kaboni dioksidi ya kisimani ilipelekwa kwenye mimea. Hao wote walifanya kazi ya Kalundborg bila kongamano.

Kuna hofu moja ambayo naiheshimu. Ukimtegemea jirani kwa mvuke, siku akifunga milango nawe umefunga. Mumias, magharibi mwa Kenya, ilikuwa na kila kitu kinachotakiwa: sukari, umeme wa makapi uliouzwa kwenye gridi ya taifa, na kiwanda cha ethanoli. Miwa ilipokosekana na madeni yakazidi, mnyororo wote ulisimama, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Kwa hiyo mwenye kongani anapaswa kuwa na boila ya akiba ya pamoja, na mikataba iseme wazi nani analipa chanzo kikikatika. Asnæs wenyewe wameachana na makaa ya mawe na kuhamia vipande vya mbao, na mvuke bado unawafikia majirani. Chanzo kinaweza kubadilika iwapo mabomba na mikataba vimejengwa kwa kutarajia mabadiliko.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi, kwa sababu wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kushawishiwa. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mji uliingia kwenye mgawo. Kongani mpya za Pwani zitakuwa kwenye bonde la mto huohuo. Ethiopia waliifungua kongani ya Hawassa mwaka 2016 ikiwa na mtambo wa pamoja unaosafisha maji machafu ya viwanda vya nguo na kuyarudisha kutumika tena. Ni ghali, na umeme wake ni mwingi, lakini kumjengea kila mwekezaji kisima chake ni ghali zaidi kwa wanaokunywa maji hayohayo.

Ninachoomba kwa TISEZA, mamlaka ya serikali ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, na kwa wamiliki binafsi wa kongani, hakihitaji sheria mpya wala mkopo. Ongezeni ukurasa mmoja kwenye fomu ya maombi ya kiwanja: mvuke unaohitaji na wa nyuzi ngapi, maji unayoingiza na unayotoa, mabaki kwa tani kwa mwezi. Wenye joto kubwa wawekwe katikati, na viwanja vinavyowazunguka visigawiwe kwa ghala wala maegesho ya malori, hata kama mteja amekuja na fedha taslimu mkononi. Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu kumwambia mtu mwenye fedha asubiri kunahitaji mkurugenzi anayelindwa na wakubwa wake. Na kando ya kila barabara ya ndani acheni ukanda wa kupitisha mabomba, mpana wa kutosha, ambao hakuna atakayeruhusiwa kuujengea kibanda wala ukuta. Mabomba yenyewe yanaweza kuja miaka kumi baadaye, majirani wakishafahamiana.